Mwezi, Upepo na Mwamba: Kuielewa Bahari ya Unguja, Pemba na Mafia Kabla ya Kufunga Safari

Ukifika Paje, mashariki mwa Unguja, siku moja baada ya mwezi mpevu, saa nne na nusu asubuhi, huikuti bahari. Unakuta uwanda wa mchanga mweupe wenye vidimbwi, ngalawa zimelalia ubavu, wanawake wameinama kwenye vigingi vya mwani, na kule mbali, mwendo wa zaidi ya kilomita moja, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Mgeni aliyelipia wiki nzima ya kuogelea huona ameuziwa picha. Rudi pale pale saa kumi na moja jioni: maji yamefika karibu na minazi, ngalawa zinaelea, watoto wanaruka kutoka kwenye mashua. Hakuna aliyemdanganya yule mgeni. Hakuna aliyemweleza, basi.

Pwani yetu ina sura nyingi zinazopokezana kwa saa, kwa juma na kwa msimu, na zinapokezana kwa mpango ambao mvuvi wa Jambiani au Jibondo anaujua bila kufungua kitabu. Matangazo ya safari hutaja joto na mvua, kisha yakanyamaza. Mimi nashikilia kwamba joto na mvua ndivyo vitu visivyo na uzito sana katika kupanga likizo ya huku. Vyenye uzito ni mwezi, upepo, na umbo la mwamba ulio chini ya maji. Anayevijua vitatu hivi ataelewa kwa nini Nungwi panaogeleka saa zote na Paje hapana, kwa nini mzamiaji mmoja aliona samaki taa na kasa Mafia na mwenzake akaambulia maji ya vumbi, na kwa nini Pemba watu wanaisifu kwa kuta zake.

Mwezi na saa za maji

Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 ndizo zinazowachanganya wageni. Kama leo maji yamekauka saa nne asubuhi, kesho yatakauka karibu na saa tano, na keshokutwa karibu na saa sita. Mwezi nao unasogea katika mzunguko wake, kwa hiyo kila siku pwani yako huchelewa kidogo kurudi mahali ilipokuwa mbele ya mwezi huo.

Saa peke yake haitoshi, kwani kuna suala la kiasi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa kwenye mstari mmoja, na mvuto wa jua na wa mwezi huungana kama watu wawili wanaovuta kamba upande mmoja. Hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja kwa upande wake, na nguvu ya mmoja hupunguza ya mwenzake. Hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama siku 7, na kurudi bamvua ni kama 7 nyingine. Unguja, tofauti kati ya maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa hufika kama mita 4 wakati wa bamvua kubwa. Wakati wa maji mafu hushuka hadi kama mita 1 au zaidi kidogo. Bamvua kubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba, jua linapopita juu ya ikweta.

Mita 4 ni nyingi. Mauritius, ambayo nayo ni kisiwa cha Bahari ya Hindi na inatangazwa kwa picha zinazofanana na zetu, tofauti hiyo haifiki hata mita 1. Bahari ya Mediterania ndiyo kabisa, watu wengi wamekulia ufukweni huko bila kujua kwamba maji hutoka. Mtu wa namna hiyo akiletwa Bwejuu siku ya bamvua, mshangao wake ni wa haki.

Kuna jambo jingine, nalo lingewasaidia wengi kama lingeandikwa kwenye tiketi. Kwa kuwa bamvua huja siku zote jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, huja pia kwa saa zile zile za mchana. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua maji hukauka kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hujaa kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji huwa yamejaa asubuhi na kupwa jioni, lakini kwa upole, bila kuuacha wazi uwanda wote. Bamvua lenye maji makavu saa kumi alasiri, pwani hii, halipo. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana ratiba ya bahari tayari. Tarehe 1 hadi 3 za mwezi mwandamo, na tena 15 hadi 17, ni bamvua. Karibu na tarehe 8 na 9, na tena 22 na 23, ni maji mafu. Wavuvi wamekuwa wakihesabu hivi tangu zamani, na hesabu yao haijawahi kuhitaji betri.

Ukitaka kuogelea asubuhi katika ufukwe wa mashariki, basi, chagua juma la maji mafu. Ukitaka kutembea hadi mwambani na kuona viumbe vya bahari bila kulowana zaidi ya magoti, chagua bamvua, uondoke maji yakiwa bado yanatoka, na ugeuke kurudi kabla hayajakupwa kabisa. Maji yanaporudi hayaji kwa kukufuata usoni. Hupita kwanza kwenye mifereji iliyo kati yako na ufukwe, na anayesimama kupiga picha mwambani huweza kujikuta nyuma yake pamejaa. Vaa viatu, kwa sababu katika mawe mna vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu inayokatikia mguuni.

Hapa lazima niseme neno kuhusu uwanda huo, maana wageni wengi huuona kama ufukwe ulioharibika kwa muda. Ule uwanda ni shamba. Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi, wanasubiri kama wiki sita, wanavuna, wanaanika. Kazi hiyo hufanyika bamvua linapofungua uwanda, ndiyo maana utawakuta wengi siku hizo na siku nyingine hakuna mtu. Aina ya mwani yenye bei nzuri, ile wanayoiita kotoni, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kadiri joto linavyopanda, na wengi wamebaki na spinozamu yenye bei ndogo. Siku hizo hizo za bamvua ndizo za wachokoaji pweza. Mwangalie mmoja akifanya kazi: anapita taratibu na kijiti chake, anasimama kwenye shimo ambalo wewe hulioni, anaangalia maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni, anaingiza kijiti mara moja. Pweza akitoka, uwanda wote unajua, maana mchokoaji hucheka kwa sauti. Anayekatiza kati ya kamba za mwani na baiskeli ya kukodi, au anayeshusha tanga la upepo juu ya vigingi, anakanyaga mshahara wa mtu.

Kwa nini Nungwi haikauki

Mwezi ni mmoja kwa wote, na maji hutoka Nungwi kama yanavyotoka Paje. Tofauti iko chini. Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Makunduchi, kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufukwe, na kati ya mwamba na ufukwe kuna maji ya kina kifupi juu ya mchanga uliolala. Sakafu ikiwa imelala, maji yakishuka mita 4 yanarudi nyuma kilomita nzima. Nungwi na Kendwa, kaskazini, sakafu inashuka haraka na hakuna mwamba mpana mbele yake. Maji yakishuka mita zile zile 4, ufukwe unapanuka kwa hatua kadhaa tu, nawe unaendelea kuogelea. Hiyo ndiyo sababu ya hoteli kujazana kule. Faida ya mashariki ni kwamba mwamba unavunja mawimbi, kwa hiyo hata bahari ikichafuka nje, ndani watoto wanaweza kucheza.

Ukitaka kuelewa zaidi, rudi nyuma hadi zama za barafu. Kama miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda, bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa karibu mita 120. Mkono wa bahari ulio kati ya Unguja na Bagamoyo ni wa kina kifupi, makumi machache ya mita, kwa hiyo wakati huo ulikuwa nchi kavu. Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Ndiyo maana chui aliwahi kuishi Unguja. Mafia nayo imekaa juu ya ukingo huo huo wa bara. Pemba ni habari nyingine kabisa. Kati yake na Tanga kuna mfereji wenye kina cha mamia ya mita, sehemu nyingine ukikaribia mita 800, na Pemba imekuwa kisiwa kwa muda mrefu mno. Ukisimama Pemba upande wa magharibi ukaingia majini, mwamba unaanza na kina cha magotini, kisha ghafla unakatika na kushuka kama ukuta hadi kwenye buluu isiyo na mwisho.

Mtu wa Unguja ambaye hajawahi kuzamia huona haya ni maneno ya wataalamu wa miamba. Lakini mzamiaji anayeiuliza Pemba samaki wadogo wa bustani ya matumbawe, na anayeiuliza Paje kuta, wote wawili wameuliza swali kwa kisiwa kisicho chake.

Mchanga nao ni sehemu ya habari hii. Ule weupe wa Kendwa hautoki kwenye mito. Ni matumbawe, magamba na mabaki ya majani ya bahari yenye chokaa, yaliyosagwa. Msagaji mmoja maarufu ni pono. Ukiweka uso chini ya maji pale kisiwani Chumbe, utamsikia kabla ya kumwona: mlio mkavu wa meno yake yanayokwangua mwamba. Anakula mwani ulioota juu ya jiwe, anameza na chokaa, na baadaye hutoa nyuma yake wingu la mchanga mwembamba linalotua taratibu. Sehemu ya ufukwe unaolalia imepita tumboni mwa samaki huyu, na hiyo ni sababu moja nzuri ya kutomchoma kila anapovuliwa. Penye mito mikubwa, kama Pangani na Rufiji, mchanga huwa wa rangi ya udongo na maji hubeba tope. Matumbawe hayapendi tope. Ndani ya nyama yake huishi vijimea vidogo vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, vikimlisha mwenyeji wao. Tope likifunika mwanga, njaa inaingia.

Kusi, kaskazi, na siku za katikati

Mwezi unapanga juma lako. Upepo unapanga mwezi wako na robo ya mwaka wako.

Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Ndiyo iliyoleta majahazi ya Oman na Ghuba kwa karne nyingi, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Wakati wa kaskazi maji huwa ya moto, nyuzi 28 hadi 30, na bahari kwa ujumla ni tulivu, ingawa Januari upepo huweza kuwa mkali. Kusi huanza masika yakiwa yanakatika, hushika nguvu Juni na Julai, na hulegea kuanzia Agosti kuingia demani. Inatoka kusini mashariki, inachafua bahari ya nje, na maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi. Kati ya hizo mbili kuna siku za tangambili, ambapo upepo haujaamua. Hizo siku, Oktoba na Novemba, na tena mwishoni mwa Februari na Machi kabla ya mvua, ndizo ninazompendekezea mzamiaji bila kusita. Bahari hulala, maji husafika, na boti hufika miamba ya nje.

Chini ya upepo kuna mkondo. Mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki huzaliwa pale mkondo wa ikweta unapogonga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha hugeuka kwenda kaskazini kupita Mafia, Unguja na Pemba. Huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo unausukuma na huwa mkali. Wakati wa kaskazi upepo unaupinga na hupungua, na kule kaskazini mwa Kenya hukutana na mkondo wa Somalia unaoshuka. Ndugu zetu wa Malindi wanaujua mgeuko huu kwa rangi ya maji: tope la mto Sabaki husukumwa kaskazini wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi husogea kusini kuelekea ghuba ya Malindi na miamba ya hifadhi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, ni miongoni mwa za kwanza Afrika, na bado afya ya matumbawe yake inategemea mvua iliyonyesha kwenye mashamba ya mbali bara.

Msafiri wa kawaida afanyeje na upepo? Wakati wa kusi kali, kaa upande uliojificha: Kendwa, Mji Mkongwe na visiwa vyake, magharibi mwa Pemba, ndani ya ghuba ya Chole kule Mafia. Anayetaka michezo ya tanga la upepo afanye kinyume chake, aende Paje Juni hadi Septemba, kwani huko kusi inavuma moja kwa moja na maji ya ndani ya mwamba hayana mawimbi makubwa. Julai hadi Septemba pia ni miezi ya nyangumi wenye nundu wanaopanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa, na wakati mwingine mzamiaji huwasikia wakiimba bila kuwaona.

Kuzamia: wapi, lini, na maji ya aina gani

Tuanze na jambo ambalo wanaoanza hulikosea. Hudhani kadiri unavyoshuka ndivyo uzuri unavyoongezeka. Matumbawe yanahitaji mwanga, na sehemu kubwa ya uhai wa mwamba iko katika mita 20 za juu. Ukishuka, rangi nyekundu hupotea mapema kuliko nyingine zote, na kila mita 10 mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Cheti cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi hukuruhusu mita 18, na mpaka wa wazamiaji wa burudani ni mita 40. Kwa Chumbe hata mtungi hauhitaji. Kisiwa hicho kidogo chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 kilipewa hadhi ya hifadhi mwaka 1994, uvuvi ukasimama, na wageni huona mwamba wake kwa miwani na bomba la kupumulia tu. Wanafunzi wa shule za Unguja huletwa pale kujifunza, na kwa baadhi yao ndiyo mara ya kwanza kuangalia chini ya bahari waliyozaliwa kando yake. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko nyota zote za hoteli.

Mnemba, mbele ya Matemwe, ndiko boti nyingi zinakokwenda. Mwamba ni mzuri, kasa wapo, pomboo hupita. Shida ni msongamano. Asubuhi ya msimu wa wageni boti hurundikana mahali pamoja, na pomboo hufukuzwa kama mpira. Mwambie nahodha wako mapema kwamba hutaki kuwafukuza. Wengi watashukuru, kwa kuwa wanafukuza kwa kudhani wewe ndiye unayetaka. Kaskazini zaidi, kati ya Unguja na Pemba, kuna fungu la Leven, lenye samaki wakubwa na mkondo mkali. Pale hapamfai anayejifunza.

Pemba ndiyo ya kuta. Mkondo ukibanwa na mfereji wa kina kirefu huleta maji safi ya bahari kuu, na siku nzuri unaona mita 30 mbele yako. Wazamiaji huachia mwili uchukuliwe na mkondo kando ya ukuta, boti ikifuata juu. Kisiwa cha Misali, kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, kina historia ninayoipenda: masheikh na wahifadhi walikaa pamoja wakaeleza ulinzi wa samaki kwa mafundisho ya Kiislamu ya uamana, na wavuvi wakaelewa kwa lugha yao wenyewe. Ng'ambo ya mfereji, upande wa Tanga, kuta za kina kirefu ni makazi ya silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosauri hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Kigombe walimnasa mara kwa mara, na hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilianzishwa mwaka 2009. Huishi chini kuliko mzamiaji wa likizo anavyoweza kufika, kwa hiyo usidanganywe na atakayekuahidi.

Mafia inahitaji maelezo zaidi, kwani hapo mwezi, upepo na mwamba hukutana mahali pamoja. Hifadhi ya bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 822. Ndani yake mna vijiji. Watu wa Chole, Juani na Jibondo hawakuhamishwa, wanaishi na kuvua kwa masharti, na ada unayolipa pale Utende inapaswa kuwafikia. Ghuba ya Chole imezungukwa na visiwa, na maji huingia na kutoka kupitia milango michache. Mkubwa ni Kinasi. Maji yakijaa, bahari kuu huingia kupitia Kinasi ikiwa safi, na samaki wakubwa hujipanga mlangoni: kolekole, changu, chewa, mzia, wakati mwingine taa. Maji yakipwa, ghuba yote hutoka na vumbi la mikoko na majani, na mtu aliyezama saa ile hurudi akisema Mafia haina kitu. Ni mlango ule ule, tofauti ni muda wa saa sita hivi. Siku za bamvua mkondo pale ni mkali hata mwalimu huusubiri utulie. Siku za maji mafu ni mwendo wa starehe. Mwalimu mzuri atakupangia saa ya kuzama kwa jedwali la maji, hata ikimaanisha chai unywe saa nne. Ukimwona anayezamisha wageni saa tatu asubuhi kila siku ya mwezi, tafuta mwingine. Kuta za nje ya ghuba hufikika zaidi Oktoba hadi Machi. Wakati wa kusi boti hubaki ndani.

Upande wa pili wa kisiwa, magharibi, mbele ya Kilindoni, ndiko kwa potwe, yaani papa-nyangumi. Mto Rufiji humwaga rutuba baharini, vijiumbe huongezeka, uduvi hufuata, na potwe hufuata uduvi. Kuanzia Oktoba hadi Februari huja juu karibu na ufukwe, midomo wazi, na wavuvi wa dagaa mara nyingi huwa na nyavu pale pale, maana wote wanafuata chakula kilicho mahali pamoja. Wengi ni madume ambao hawajakomaa. Vifaa vya kufuatilia samaki vilivyowekwa majini vimeonyesha kwamba baadhi yao hawaondoki kabisa msimu ukiisha: hushuka chini na kwenda mbali kidogo na ufukwe. Unaingia na miwani bila mtungi, unakaa mita chache pembeni, humgusi, na humkati njia kwa mbele. Eneo hilo la potwe liko nje ya mipaka ya hifadhi, kwa hiyo nidhamu ya nahodha na ya mgeni ndiyo ulinzi wa kila siku.

Joto

Kuna jambo moja ambalo kalenda ya mvuvi haikuliandaa. Matumbawe yakikaa kwenye maji ya moto kupita kiasi kwa wiki kadhaa hutapika vile vijimea vinavyoyalisha, yanabaki meupe, na yasipopoa mapema yanakufa. Mwaka 1998 ilitokea hivyo katika Bahari ya Hindi magharibi yote. Kenya ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake, na mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia, ulipigwa vibaya. Joto kama hilo lilirudi mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yamo katika wimbi la nne la kupauka. Hatari kwetu iko mwishoni mwa kaskazi, Machi na Aprili, jua likiwa juu na upepo ukilala. Utulivu ule ule unaompa mzamiaji maji safi ndio unaopika mwamba. Mwamba uliokanyagwa, uliovunjwa na nanga au ulionyang'anywa pono hupona polepole kuliko ulioachwa. Kwa hiyo boti ifungwe kwenye boya, isitupe nanga juu ya matumbawe, na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, asitolewe majini kwa ajili ya picha. Hukaushwa na kufa mikononi mwa watu wanaompenda.

Kupanga siku zenyewe

Mwenye juma moja na familia yenye watoto, na anataka ufukwe wa mashariki, aangalie mwezi kabla ya bei ya chumba. Mwenye siku mbili tu Dar es Salaam aende visiwa vya Bongoyo au Mbudya, na aliye Mji Mkongwe aulize saa za maji kabla ya kukodi boti ya Nakupenda, kwani fungu lile la mchanga huzama maji yakijaa, na siku za bamvua hiyo ni alasiri. Anayetaka potwe na kuta za Mafia kwa safari moja, Novemba humpa vyote viwili, na akipata maji mafu katikati ya juma lake, Kinasi itampokea vizuri.

Na siku ya kuondoka nayo ina hesabu yake. Mzamiaji aliyezama mara kadhaa hapandi ndege kabla ya saa 18 kupita, kwa kuwa hewa iliyoyeyuka mwilini chini ya mgandamizo inahitaji muda kutoka, na ikitoka haraka angani hufanya mapovu kwenye damu na viungo. Watu hudhani kanuni hii ni ya ndege kubwa za kimataifa. Ndege ndogo ya kutoka Kilindoni au Chake Chake nayo inahesabika, maana haijazibwa hewa ndani kama zile kubwa. Kwa hiyo siku ya mwisho iwe ya kutembea magofu ya Kua kule Mafia, au msitu wa Ngezi kule Pemba, na anayetaka kuzama hadi asubuhi ya mwisho apange kurudi kwa boti, Kilindoni hadi Nyamisati, kisha basi hadi Dar es Salaam.